Nani Aliujenga Mji wa Mbale? Funzo Kuhusu Vyanzo vya Kuaminika

Ukitakiwa kuandika insha juu ya historia ya Mbale, hutakawia kukutana na jina la Semei Kakungulu. Swali ni hili: utamwamini nani akusimulie habari zake?

Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda. Kwenye mpito wa karne ya 19 na ya 20 aliongoza askari wake mashariki mwa Uganda, akajenga ngome na barabara, akatawala kwa niaba ya Waingereza. Mwaka 1902 walimpunguzia madaraka, naye akahamia Mbale. Kuanzia 1906 hadi 1913 aliongoza baraza la Busoga mjini Jinja, kisha akarejea Mbale. Mwaka 1919 aliasisi jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya, ambayo ingali hai hadi leo.

Waswahili husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Katika barua za maofisa wa kikoloni, utamwona mtumishi aliyevuka mipaka yake. Kwa wafuasi wake, alikuwa shujaa aliyedhulumiwa. Kwa Wagisu, waliokuwa na nchi yao kabla hajafika, alikuwa mvamizi aliyeleta utawala wa wageni.

Je, tuvitupe vyanzo hivi kwa kuwa vinapingana? La hasha! Kila kimoja kina jambo linaloweza kuaminika. Barua ya ofisa hukuonyesha amri ilitolewa lini, lakini si shahidi mwema wa machungu ya mkulima aliyeamriwa. Kwa hiyo, kila ushikapo chanzo, jiulize: Ni nani aliyesema? Alikuwapo? Alisema lini, na kwa faida ya nani? Je, yuko shahidi mwingine anayemuunga mkono bila kumnakili? Maandishi kumi yaliyonakiliwa kutoka kitabu kimoja ni shahidi mmoja tu.

Soma pia kazi za wanahistoria waliolinganisha ushahidi, kama kitabu cha Michael Twaddle kuhusu Kakungulu kilichotoka mwaka 1993. Hata hicho, kisome ukikihoji.

Msema pweke hakosi. Ukitegemea chanzo kimoja, utaandika kwamba mtu mmoja ndiye aliyeujenga mji, na waliobeba mawe na waliopoteza mashamba watafutika kwa kalamu yako. Wape nafasi nao wasikike.