Kurasa 365 Zisizomjua Mtoto wa Garissa

Wacha nianze na swali. Kama una miaka 11, unaishi Garissa na wewe ni Mkristo, kile kitabu chako cha devosheni cha kila siku kinakuambia nini?

Nauliza kwa sababu nilikuwa mtoto huyo. Mama alikuwa amehamishiwa huko kikazi, na shangazi alipotutembelea kutoka Nairobi alituletea vitabu viwili. Changu kilikuwa cha waridi, cha wasichana. Cha kaka yangu kilikuwa cha samawati, cha wavulana. Kurasa 365, mstari wa Biblia, hadithi fupi, swali, sala. Vilikuwa vimeandikwa Marekani. Changu kilikuwa na theluji nyingi na dada mmoja ambaye kila siku alikuwa anagombana na rafiki yake shuleni. Cha kaka kilikuwa na mpira wa besiboli. Sisi huko nje ni jua kali, mbuzi wanakula katoni barabarani, na mto Tana umejaa matope.

Tarehe 2 Aprili 2015, ile Alhamisi ya kabla ya Ijumaa Kuu, tulisikia milio alfajiri. Mama akafunga mlango na kutuambia tukae chini. Ukurasa wa siku hiyo kwenye kitabu changu ulihusu kutoonea wivu nguo za rafiki. Naukumbuka vizuri kwa sababu niliusoma mara tatu. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Jioni tukajua ni chuo kikuu. Watu 148 waliuawa siku hiyo, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Baadhi ya wa kwanza kuuawa walikuwa wanachama wa Christian Union waliokuwa wameamka mapema kusali pamoja darasani. Yaani walikuwa kwenye devosheni. Walikuwa wanafanya kile kile nilichokuwa nafanya mimi na kitabu changu cha waridi, ila wao walikuwa wakubwa na walikuwa pamoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza hii desturi ilitoka wapi na ilifikaje Garissa. Nimeifuatilia polepole, na stori yake si ile niliyodhani.

Nilidhani ni wachapishaji wa Marekani waliotafuta soko. Sivyo. Mwaka 1843 huko Ufaransa, Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy alianzisha chama cha watoto Wakatoliki ambacho leo kanisani tunakiita PMC, na Watanzania wanakiita Utoto Mtakatifu. Masharti yalikuwa mawili tu: kila siku mtoto asali Salamu Maria moja, na kila mwezi atoe sarafu moja kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Hakuna kitabu kinene wala rangi ya waridi. Ni sala moja, na mtoto mwingine wa kumfikiria.

Upande wa Waprotestanti, mwaka 1868 kijana aitwaye Josiah Spiers alikuwa ufuoni Llandudno, Wales. Akachora kwenye mchanga maneno machache kuhusu upendo wa Mungu, akawaambia watoto waliokuwa wakicheza wayapambe kwa mawe na magamba ya baharini. Wakamzunguka, akawapigia stori. Harakati aliyoianza ndiyo baadaye iliitwa Scripture Union, ile ile ambayo wengi wetu tumekutana nayo shuleni Kenya.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni ya Annie Marston. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili huko Keswick, Uingereza. Wasichana wa darasa lake walitaka kusoma Biblia lakini hawakujua waanzie wapi, so akaanza kuwaandikia kwa mkono orodha ya mafungu, moja kwa kila siku, ili yeye na wao wasome kitu kimoja siku moja. Akawaomba viongozi wa harakati hiyo waichape. Mwanzoni walikataa. Baadaye wakakubali, na tarehe 1 Aprili 1879 kadi za kwanza zikaanza kutumika.

Tafakari hapo kidogo. Devosheni ya kila siku kama tunavyoijua ilisukumwa na mwalimu mmoja na wasichana wake, na lengo halikuwa kila mtu ajifungie chumbani na Mungu wake. Lengo lilikuwa hata ukiwa nyumbani peke yako, ujue kuna mwenzako ambaye asubuhi hiyo yuko kwenye ukurasa huo huo.

Sasa turudi kwetu. Wamishonari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao, sehemu za chini za mto Tana, mwaka 1887. Waliishi na Wapokomo, wakajifunza lugha yao, na Ferdinand Würtz akatafsiri Agano Jipya kwa Kipokomo. Hao ni Wapokomo wale wale ambao bembelezi lao ndilo lilizaa tuni ya wimbo wetu wa taifa. Kwa hiyo watoto wa bonde la Tana walikuwa wanasikia Biblia kwa lugha ya mama zao kabla sehemu kubwa ya Kenya haijaonja hiyo kitu.

Lakini panda na mto huo huo hadi Garissa, stori inabadilika. Huko kulikuwa NFD, na kuanzia 1926 ilikuwa wilaya iliyofungwa. Huingii wala hutoki bila kibali. Mkoloni aliwaona watu wa huko kama ukuta wa mpaka, si raia wa kuwekewa shule na barabara, na hakutaka wamishonari waende kuwachokoza Waislamu. Matokeo yake, ile amsho iliyotoka Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, iliyofundisha watu wa kati na magharibi kuamka mapema, kusoma, kuungama na kuimba, ilipita mbali na Garissa.

Hiyo haimaanishi watoto wa Garissa hawakuwa na ibada ya kila siku. Walikuwa nayo, tena kali kuliko yetu. Mtoto wa Kisomali anaenda dugsi akiwa mdogo kabisa, ameshika ubao wake wenye aya, anarudia kwa sauti mpaka aya ikae kichwani, ubao unaoshwa, inaandikwa nyingine. Jirani zangu wa rika langu walikuwa wameshika sura nzima nzima wakati mimi nahangaika na mstari mmoja kwa siku. Ukweli usemwe: kwa nidhamu ya kila siku, walituacha mbali.

Ukristo wa Garissa ulikuja hasa baada ya uhuru, na ulikuja na barua ya uhamisho. Polisi, walimu, manesi, makarani, wafanyabiashara, wafungaji nyaya. Kanisa Katoliki lilianzisha eneo lake la Garissa mwaka 1976, likawa dayosisi mwaka 1984 chini ya Askofu Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta. AIC, Waanglikana na wengine nao walijenga. Lakini wengi waliokaa kwenye yale mabenchi walikuwa wageni wa mkataba. Hata lugha inaonyesha: mtu wa Garissa akipanda basi kuja Nairobi anasema "naenda Kenya". Baada ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyoendelea mpaka 1991, huwezi kumlaumu. Serikali aliyoijua ilikuja na bunduki. Na wazazi wetu, wapende wasipende, walikuwa na kitambulisho cha kazi cha serikali hiyo.

So mtoto Mkristo wa Garissa alizaliwa kwenye mkanganyiko ambao hakuna devosheni ya besiboli inaweza kuufungua. Nchini yeye ni wa dini ya wengi. Mtaani kwake ni wa wachache. Likizo akienda kwa nyanya anaitwa "yule wa Garissa". Akirudi Garissa ni "yule wa Kenya".

Halafu ikaja 2012. Jumapili tarehe 1 Julai, washambuliaji waliingia kanisa la AIC na la Katoliki mjini Garissa kwa maguruneti na risasi, watu 17 wakafa, wakiwemo polisi wawili waliokuwa wanalinda. Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Septemba, guruneti lilitupwa kwenye shule ya Jumapili ya kanisa la St Polycarp, Nairobi, likaua mtoto wa miaka 9. Baada ya hapo vijana wakawageukia Wasomali waliokuwa wanaishi karibu, watu ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Kuna kitu kimoja cha 2012 ambacho watu husahau. Baada ya shambulio la Garissa, viongozi wa Waislamu walilaani, na wakasema vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Na tarehe 21 Desemba 2015, miezi minane tu baada ya chuo kikuu, basi lilisimamishwa huko Mandera. Washambuliaji wakataka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi akiwakatalia, akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote ilitokana na basi hilo, na ikafika hadi orodha ya walioteuliwa kwa Oscar mwaka 2018.

Basi niambie. Mimi na kaka yangu tulikuwa na vitabu viwili, vyote vya mwaka mzima. Je, kuna ukurasa hata mmoja uliotuandaa kwa lolote kati ya hayo?

Chukua cha waridi. Kilinifundisha uzuri wa ndani, urafiki na kutosengenya. Sikatai, ni mambo mema. Lakini swali langu halisi nikiwa na miaka 11 lilikuwa hili: mama akiniambia nijitande ushungi tukienda sokoni, je, nimemkana Yesu? Na ikiwa mwanamke Mwislamu amenivika mtandio wake kwenye basi ili nisiuawe, hapo ni nani amehubiri? Chukua cha samawati. Kilimfundisha kaka yangu ushujaa kwa mifano ya michezo. Wakati shujaa mkubwa wa kaskazini alikuwa mwalimu wa dini nyingine aliyekataa tu kusogea. Halafu hiyo ya kugawa watoto kwa rangi mimi sijawahi kuielewa. Basi la Mandera halikuwa na kiti cha waridi na cha samawati.

Najua kuna mzazi atasema, "Msichana wetu, mtoto wa miaka 10 usimjaze habari za vifo." Nakuelewa, mzazi. Lakini mtoto wa Garissa anajua tayari. Anapita mbele ya askari mwenye bunduki kila Jumapili akienda kukaa kwenye benchi. Mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, aliona walimu wasio wenyeji wakiondolewa, na rafiki zake Waislamu wakabaki darasani bila wa kuwafundisha hesabu. Ukinyamaza, haimaanishi hana hofu. Inamaanisha anabaki nayo peke yake, na hofu ya mtoto ikikaa peke yake inaweza kugeuka chuki. Nimeiona kwa watu wa rika langu. Wengine tulioondoka Garissa baada ya 2015 mpaka leo tunakaza mwili tukisikia Kisomali kwenye matatu. Hakuna aliyetukalisha chini tukiwa na miaka 11.

Na kuna kosa la upande wa pili pia, la kuwageuza wale wanafunzi wa chuo kikuu kuwa mabango ya "kufa kwa ajili ya imani" na kumpa mtoto asome kama hadithi ya vita. Wale walikuwa vijana walioamka mapema kabla ya masomo. Walikuwa na CAT za kufanya na ada ya kulipa. Ile wiki mtandaoni tuliandika kwamba wao si namba tu. Basi tusiwageuze pia kuwa silaha.

Ninachotaka ni kidogo. Kanisa lolote lenye watoto Garissa, Wajir au Mandera, mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili achukue daftari. Aandike siku 30 tu, kwa Kiswahili hiki tunachoongea, kwa wasichana na wavulana pamoja. Siku ya jua kali na maji yamekatika. Siku ya Ramadhani, rafiki yako amefunga na wewe una mandazi mfukoni. Siku ya Idi, umealikwa. Siku ya kupita kwa askari mlangoni. Siku ya Mwalimu Salah. Siku ya kumsamehe mtu usiyemjua jina. Halafu apige picha kila ukurasa, autume kwenye grupu la wazazi jioni, ili asubuhi yule mtoto wa Ijara na yule wa Dadaab wasome kitu kimoja.

Annie Marston alianza hivyo hivyo, kwa kalamu na wasichana wachache, na wakubwa walimkatalia kwanza.

Kitabu changu cha waridi bado ninacho. Juzi nilikifungua tarehe 2 Aprili. Kando ya ile hadithi ya nguo, kuna mwandiko wangu wa darasa la tano, kwa penseli: "Mungu, wale wa chuo wamesoma ukurasa gani leo?"