Bonasi na Akaunti Iliyofungiwa

Miradi ya piramidi ilipoporomoka mwaka 2007, majirani zangu kadhaa hapa Bomet walikuwa wametia humo bonasi ya chai ya Oktoba iliyotangulia, yote. Walinijia mimi kwa sababu nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani, na waliamini kwamba anayejua mizani anajua na sheria. Mzee mmoja akaniuliza, "Karani, akaunti ikifungiwa na ndani kumebaki kitu, nani anaanza kulipwa?"

Jaji wa London alikwisha kulijibu swali hilo mwaka 1816. William Devaynes, mshirika katika benki moja ya huko, alifariki 1809, na mwaka uliofuata benki ikaanguka. Katika madai ya mteja aitwaye Clayton, Sir William Grant aliamua kwamba kwenye akaunti inayoendelea, pesa iliyotangulia kuingia huhesabiwa kuwa ndiyo iliyotangulia kutoka.

Tupige hesabu. Mzee ametia 40,000, mama jirani 40,000, kijana 20,000, kwa mfuatano huo. Mwenye mradi ametoa 70,000, zimebaki 30,000. Kwa kanuni ya Clayton, mzee hapati hata senti, mama anapata 10,000, na kijana aliyeingia wiki ya mwisho anarudishiwa 20,000 zake kamili. Ukigawa kwa kiasi cha mchango, wanapata 12,000, 12,000 na 6,000.

Mkulima wa chai hahitaji wakili amfafanulie njia hiyo ya pili. Tangu KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, lianze mwaka 1964, mkulima mdogo amekuwa akilipwa kidogo kila mwezi, kisha bonasi baada ya hesabu za mwaka kufungwa Juni. Kila kiwanda kina bei yake, na mkulima wa kiwanda cha Kapkoros hunung'unika akisikia ya jirani, lakini ndani ya kiwanda kimoja hakuna anayeuliza kilo zako zilipimwa Julai au Mei. Kilo ni kilo.

Kanuni ya Clayton ilitufikia kupitia sheria ya mahakama ya 1967, inayopokea kanuni za Uingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897. Ila sheria hiyohiyo inaweka sharti: zitumike kwa kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Mimi ningeshikilia hapo. Waingereza wenyewe, katika kesi ya Barlow Clowes mwaka 1992, waliiweka kando kanuni ya Clayton, wakagawa kwa uwiano.

Kamati ya Francis Nyenze iliyochunguza miradi hiyo mwaka 2009 ilikuta Wakenya wapatao 148,000 wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Kwa umati huo, nani angepanga stakabadhi kwa tarehe na saa?

Pagumu ni kwa waliokwisha kula "faida". Kama mzee yule alishapokea 15,000 kabla ya mradi kuanguka, adai 40,000 au 25,000? Huko Marekani, katika sakata la mradi wa ulaghai wa Madoff, mahakama ya rufaa ilikubali mwaka 2011 kwamba mwekezaji adai alichotia, kutoa alichopokea. Nilipomweleza mzee hivyo alikasirika: faida alishalipa karo, na kwake karo haikuwa deni la mtu. Mama jirani, ambaye hakuwahi kupokea chochote, alimwambia karo hiyo ilitoka kwenye majani yake.