Shaba Iliyovutwa Ikawa Uzi

Watoto wengi wa Lubumbashi hudhani kwamba kazi ya shaba ilianza mwaka 1911, tanuru la Union Minière lilipowashwa. Sivyo. Mwaka 1957 na 1958 makaburi ya kale yalichimbuliwa Sanga, kando ya ziwa Kisale, yakaonekana mapambo ya shaba yenye umri wa miaka elfu na zaidi.

Katika karne ya 19, zamani za mfalme Msiri wa Bunkeya, mafundi wa Wayeke walivuta shaba ikawa uzi. Fundi alifua shaba kwa nyundo hata ikawa fimbo nyembamba. Alichonga ncha yake, akaipitisha katika tundu la chuma, akaivuta kwa koleo. Kisha katika tundu dogo zaidi. Shaba ikivutwa sana huwa ngumu, hukatika. Kwa hiyo aliirudisha motoni ilainike. Uzi ule ulizungushwa juu ya nyuzi za mimea, ikapatikana bangili.

Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika habari za mafundi wa shaba wa Katanga, waitwao “wala shaba”.

Basi, ukiikuta bangili ya bibi yako sandukuni, usiiuze kama chuma kikuukuu. Waya waweza kununua dukani; ile kazi ya mkono hutaipata tena.