Kuhesabu kwa vidole

Kuhesabu kwa vidole ni njia ya kuonyesha na kufuatilia idadi kwa kukunja, kunyoosha au kugusa vidole. Mtoto hukipa kila kitu kidole kimoja, kisha hutambua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla. Hatua hiyo ni ngumu kuliko watu wazima wanavyodhani. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliichambua mwaka 1978.

Mikono huhesabu kwa namna tofauti. Washambaa wa Usambara huonyesha sita kwa vidole vitatu kila mkono, saba kwa vinne na vitatu, nane kwa vinne na vinne. Hapo kujumlisha kumeshaanza, kabla ya chaki na ubao.

Wilayani Chato, mkoani Geita, watoto wengi huzungumza Kisukuma nyumbani na kufundishwa kwa Kiswahili shuleni, lakini vidole ni vilevile. Baadaye huongezwa vijiti, vizibo vya soda na kete za isolo, bao la Wasukuma. Kuhesabu ni mojawapo ya stadi tatu za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zinazofundishwa darasa la kwanza na la pili. Mwalimu asimkataze mtoto vidole. Ataviacha mwenyewe akishazoea namba.