Simu na skrini ya gari: waya usiitupe

Mtu wa pwani akisikia Kaloleni, fikra humwenda Kilifi kwenye minazi. Kaloleni ya leo ni ile ya Kisumu, mtaa wa zamani ulio karibu na mjini, wenye Waislamu wengi na Kiswahili chake. Huko ndiko anakokaa shemeji yangu, na gari lake ndilo lililonipa makala haya.

Gari limetumika Japani. Yeye akalitia redio mpya yenye skrini kubwa, na kando ya gia akaweka kibao cha kuchajia simu bila waya. Tulitoka adhuhuri kwenda Busia, betri ya simu yake ikiwa robo. Ramani inawaka kwenye skrini, kaswida inaimba, simu imelala kwenye kibao. Maseno tukasimama kidogo, gari likabaki juani. Tulipolirudia, simu ilikuwa moto kama mkate wa tanuri, ikatoa onyo la joto, ikakataa kuchaji. Busia, kwenye kituo cha petroli, ikazima kabisa. Pesa zake zote ziko M-PESA! Nililipa mimi.

Shemeji aliilaumu redio. Mimi naona kosa lilikuwa kufanya kila kitu bila waya kwa wakati mmoja. Ndani ya kibao mna koili inayotengeneza uga wa sumaku, na ndani ya simu mna koili nyingine inayougeuza uga huo kuwa umeme. Utaratibu huu unaitwa Qi, na unasimamiwa na Wireless Power Consortium, muungano ulioundwa 2008. Njiani sehemu ya umeme hupotea ikawa joto, na koili zisipokaa sawasawa hupotea zaidi. Kwa barabara zetu zenye matuta, simu haitulii mahali pamoja. Ndiyo maana Qi2, iliyotoka 2023, imewekewa duara la sumaku la kuishika simu. Chaji ya kawaida ya Qi ni wati 5, na simu inayokubali zaidi hufika wati 15 au kupita hapo.

Sasa ongeza kazi nyingine. Simu inayotuma ramani na sauti kwenye skrini kwa wifi, huku inatafuta setilaiti na mtandao, inakula betri na kupata joto. Ikishapata joto, hupunguza chaji yenyewe ili kuilinda betri. Apple huwaambia wenye iPhone wazitumie mahali pasipozidi nyuzi 35, na gari lililofungwa juani hupita hapo upesi. Kwa safari ndefu, chomeka waya. Kibao ni cha safari fupi za mjini.

Kabla ya kununua kibao, hakikisha simu yako ina koili, kwani simu nyingi za bei nafuu hazina. Na kile kibati unachobandika nyuma ya simu ili ishikwe na sumaku ya dashibodi, kitoe. Huzuia chaji, na chenyewe hupata moto.

Kwenye skrini wauzaji huchanganya mambo. Bluetooth hukupa simu na muziki. Android Auto na CarPlay, zilizotangazwa 2014, huonyesha programu za simu yako kwenye skrini ya gari. Redio ya Android ni kitu kingine: ni kama tableti iliyopachikwa, na mara nyingi hutaka intaneti ya simu yako. Muulize muuzaji akuonyeshe kwa simu yako wewe, si yake. Na waya iwe ya data. Waya nyingi rahisi hupitisha umeme tu, basi mtu hulaumu redio bure.

Redio asilia ya Japani nayo ina vituko vyake. Huzungumza Kijapani, hudai kadi ya ramani, na zile za zamani huishia masafa ya 90 wakati stesheni zetu hufika 108. Kuna kifaa kidogo cha kurekebisha masafa, si lazima ung'oe redio nzima.

Panga ramani kabla ya kuondoka. Kanuni za trafiki za 2016 zina faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Ukiunganisha simu, redio nyingi hunakili majina na nambari zako pamoja na orodha ya uliowapigia. Niliwahi kukodi gari Mombasa nikakuta majina ya familia za watu nisiowajua, mama na mabinti, yamejaa kwenye skrini. Ukiuza gari au ukirudisha la kukodi, ingia kwenye mipangilio ya redio, ufute simu yako, na gari likiwa lako uirudishe redio yote katika hali ya kiwandani. Kisha kwenye simu, lifute gari hilo katika orodha ya bluetooth. Shemeji alifanya hivyo kwa gari lake la zamani, siku mbili baada ya kuliuza, kwa kumpigia mnunuzi na kumwelekeza.