Jicho Lililokwisha Kuona

Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, kinamruhusu Kamishna wa Data kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 5 au, mkosaji akiwa ni kampuni, asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Sheria ya Ulaya, GDPR, ambayo waandishi wa sheria ya Kenya waliitazama sana, inataja euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, kile kilicho kikubwa. Mwili wa sentensi ni uleule, mkia ndio uliogeuzwa. Basi Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Siitetei shule. Ila Meta, kampuni mama ya Facebook, hata ikifanya baya la namna gani Kenya, notisi moja ya Kamishna haiwezi kuitoza zaidi ya milioni 5.

Wengi hufika hapa wakasema dari lipandishwe, mambo yataisha. Ulaya walilipandisha. Mwaka 2021 Luxembourg iliitoza Amazon euro milioni 746. Mei 2023 Ireland iliitoza Meta euro bilioni 1.2 kwa kuzisafirisha data za Wazungu kwenda Marekani, na miaka miwili baadaye ikaitoza TikTok milioni 530. Meta ikakata rufaa. Julai 2023, miezi miwili tu baada ya uamuzi, Brussels na Washington wakawa na mkataba mpya, na data zikaendelea kuvuka bahari kwa baraka za sheria. Marekani nako, Julai 2019, habari zilipovuja kwamba Tume ya Biashara, FTC, itaitoza Facebook dola bilioni 5, hisa za Facebook zilipanda. Mauzo ya kampuni kwa mwaka 2018 yalikaribia dola bilioni 56. Faini ile, kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa kwa kosa la faragha, ilikuwa mauzo ya mwezi mmoja na siku mbili tatu, na wawekezaji walikuwa wakihofia jambo zito zaidi: amri ya kubadili biashara yenyewe. Faini ya namna hii ni ushuru wa soko. Unalipa asubuhi, unatandika bidhaa zako.

Kwa hiyo nadhani tunabishana kuhusu ukubwa wa faini kabla ya kukubaliana kosa lenyewe ni lipi, na hapo ndipo mapokeo yanapoachana.

Ulaya inakumbuka daftari. Machi 1943 wapinzani wa Wanazi waliichoma ofisi ya usajili wa wakazi mjini Amsterdam, kwa sababu rejista ile, iliyopangwa vizuri kwa jina, anwani na dini, ndiyo iliyokuwa ikiwaonyesha Wajerumani Wayahudi wanakaa wapi. Sehemu kubwa ya kadi iliokoka moto. Robo tatu hivi ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa wakati wa vita. Mwaka 1970 jimbo la Hessen, Ujerumani, lilipitisha sheria ya kwanza duniani ya kulinda data, na shabaha yake ilikuwa serikali. Mzungu wa bara akisikia kuna orodha inaandikwa, hushtuka kabla hajauliza ni ya nini.

Mmarekani hushtuka ahadi ikivunjwa. FTC haina sheria moja ya jumla ya faragha ya kusimamia. Silaha yake kuu ni katazo la kumhadaa mnunuzi. Facebook ilitozwa zile bilioni 5 hasa kwa kukiuka amri iliyoikubali mwaka 2012. Watu hadi milioni 87 ambao taarifa zao ziliishia kwa kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica walikuwa ushahidi wa ahadi iliyovunjwa, na fedha zote zikaenda Hazina ya serikali. Hiyo Cambridge Analytica ndiyo ambayo wakubwa wake walinaswa na kamera za siri za televisheni ya Channel 4 ya Uingereza, mwaka 2018, wakijigamba kwamba waliendesha kampeni za urais Kenya mwaka 2013 na 2017.

Pwani yetu ina jibu la tatu, nalo limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Nyumba ya kale ya Lamu humpokea mgeni dakani, yaani kibarazani mwa mlango, palipo na viti vya mawe. Njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, yaani uani, ili hata mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia liishie ukutani. Nyuma ya ujenzi huo ipo fikra ya Kiislamu. Surat al-Hujurat inakataza upelelezi, Surat an-Nur inaamuru kubisha hodi, na hadithi iliyo katika Bukhari inasimulia mtu aliyechungulia tunduni nyumbani kwa Mtume, akaambiwa kwamba ruhusa ya kuingia imewekwa kwa ajili ya jicho. Kuona kwenyewe ndiko kosa. Aliyechungulia hajaiba kikombe wala mkeka, na hana cha kurudisha.

Wanazuoni wa Kiislamu pia waliitilia shaka faini. Wengi wa mafakihi wa kale hawakuipenda adhabu ya mali inayoingia mikononi mwa mtawala. Walihofia makosa ya watu yangegeuka njia ya watawala kula mali zao. Kati yao Abu Yusuf anatajwa kuiruhusu, na Ibn Taymiyya baadaye aliitetea, lakini hofu ilibaki. Fidia, kinyume chake, humwendea aliyeumizwa.

Ajabu ni kwamba sheria iliyo karibu zaidi na fikra hiyo iko katika jimbo la Illinois, Marekani. Tangu 2008 mkazi wa jimbo hilo ambaye alama za uso au kidole chake zimechukuliwa bila idhini anaweza kushtaki mwenyewe, na kila kosa lina bei: dola 1,000 kwa uzembe, 5,000 kwa kusudi. Facebook ilikubali kulipa dola milioni 650, na waliodai hatimaye wakapata karibu dola 400 kila mmoja. Novemba 2021 ikazima mfumo wake wa kutambua nyuso na kuahidi kufuta alama za watu zaidi ya bilioni moja. Kampuni ilitoa sababu zake nyingine; mimi naangalia kalenda. Texas, iliyoishtaki kampuni hiyo baada ya mfumo kuzimwa, ilipata dola bilioni 1.4 mwaka 2024, zikaingia kwenye mfuko wa jimbo.

Kenya ina uzoefu wake kwenye mikopo ya simu. Ukichelewa kulipa, ujumbe haukuja kwako peke yako. Ulimfikia bosi, mama mkwe, hata fundi uliyempigia mara moja, kwa kuwa programu ilikuwa imeshasomba namba zote za kwenye simu yako. Kampuni ya Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa vitisho vya aina hiyo. Lakini kilichoukata mchezo mzizi, kwa maoni yangu, ni mambo mawili yasiyo faini: Benki Kuu kudai leseni mwaka 2022, na Google mwaka uliofuata kuzinyima programu za mikopo ruhusa ya kusoma orodha ya namba. Bila orodha, mkopeshaji hana wa kumtishia.

Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili aliiamuru Worldcoin, iliyowapanga Wakenya foleni ndefu mwaka 2023 ili ipige picha za macho yao kwa sarafu zenye thamani ya kama shilingi 7,000, ifute data hizo ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna. Hapo ndipo ningepeleka fedha za umma: kwa wahandisi wa Kamishna watakaoweza kuingia kwenye seva, wahakikishe kilichoamriwa kufutwa kimefutwa, nakala zake zote. Na fidia ya aliyeumizwa, iliyokwisha kuandikwa katika kifungu cha 65, iwe ndiyo ya kwanza kuhesabiwa, kabla ya senti ya Hazina.