Roweka Mbegu kwa Maji Matamu Kabla Hazijakutana na Chumvi

Kulamawe ni kituo kidogo upande wa Garbatulla, kaunti ya Isiolo, na jina lake halihitaji mkalimani. Ni nchi ya wafugaji. Lakini tangu mwisho wa 2020 mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo na mifugo ikafa, aliyebaki bila ng'ombe hulitazama jembe. Akipanda, hukutana na jambo tunalolijua vyema sisi wa Pwani: kisima chenye maji ya chumvi.

Kwa nini mbegu hazioti

Mbegu huota kwa kunywa maji. Udongo ukizidi chumvi, chumvi huyazuia maji hayo, na mbegu hukaa na kiu ndani ya unyevu. Yale machache inayoyapata huja na sodiamu na kloridi, zinazoidhuru miche michanga.

Mbegu iliyorowekwa imekwisha kunywa maji matamu. Huota mapema, na mzizi wake huwahi kushuka chini ya tabaka la juu, ambako chumvi hujikusanya jua likikausha ardhi.

Namna ya kufanya

1. Chagua mbegu nzima. Zilizopakwa dawa ya rangi usiziroweke nyumbani.
2. Tumia maji ya mvua au maji mengine matamu, yazifunike mbegu vizuri.
3. Mahindi yaroweke saa 12 hadi 18, mtama saa 8 hadi 10, kunde na pojo saa 6 hadi 8.
4. Mwaga maji, zitandaze kivulini mpaka zisigandane mkononi, kisha panda siku hiyohiyo penye unyevu.

Usipitishe muda. Mbegu iliyokwisha kutoa mzizi ikikosa mvua hufa, na mwenye kibaba kimoja cha mbegu hana cha kurudia.

Wataalamu hutumia pia maji yenye kalsiamu kloridi au potasiamu naitreti kidogo sana. Hayo yana vipimo vyake, usibahatishe jikoni.

Isichoweza kufanya

Kuroweka hakuondoi chumvi shambani wala hakuponyi mbegu mbovu. Mmea uliokua bado utaumia ukimwagiliwa maji makali. Kwa hiyo chagua zao pia: maharagwe huumia upesi, mahindi hayako mbali nayo, kunde huvumilia zaidi, na mtama huzipita zote hizo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, peleka udongo na maji vikapimwe. Maabara za KALRO hufanya kazi hiyo.

Kabla ya kutia mbegu zote majini, jaribu. Panda 20 zilizorowekwa kwenye mkebe mmoja na 20 kavu kwenye mwingine, udongo ule ule wa shamba, maji yale yale ya kisima. Baada ya siku kumi zihesabu. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, lakini sababu tumeamrishwa tuzitafute.